Mishono ya Bawa la Kushoto

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba ndege inaweza kuwa ya kitambaa alikuwa muzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliingia katika atelie yangu ya kushona pale Mapendo, mjini Goma, akatazama mashine, akatazama nguo zilizotundikwa, kisha akaomba nimwonyeshe fundo ninalofungia vifungo vya koti. Nikamwonyesha. Akalivuta kwa meno, halikulegea.

"Mama, fundo lako linashika," alisema. "Kesho ukuje kule kwa uwanja wa ndege. Kuko bawa la kushona."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakucheka. Kesho yake nilienda.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka wakaujaza mji, hata ngazi za kanisa zikawa vitanda. Ndege kubwa za misaada zilitua tangu asubuhi mpaka jioni, na watoto wakaacha kuziangalia. Ndege ya muzee ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa ndogo, ya viti vinne na injini moja, na iliundwa kabla mimi sijazaliwa. Mwenye shamba moja la kahawa upande wa Rutshuru aliiacha alipohama nchi, ikabaki kwa watu wawili waliomtumikia: muzee huyu, aliyekuwa fundi wake, na piloti, mwanaume wa kwetu Butembo. Mwili wa ndege ulikuwa wa mabomba ya chuma na mabawa yake ya mbavu za mbao. Juu ya vyote kilivutwa kitambaa, kikapakwa dawa ya kukikaza yenye harufu kali kama rangi ya kucha. Piloti aliipeleka kwenye pisti za majani huko Masisi na Walikale, mahali ambapo ndege kubwa haiwezi kutua. Alibeba chanjo, barua, chumvi, walimu na wagonjwa.

Kitambaa cha zamani kilikuwa kimechoka, kikichanika ukikibonyeza kwa kidole gumba. Muzee alikuwa amekwisha kupata kingine, lakini mikono yake ilitetemeka. Ndiyo maana alinitafuta.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Bawa lilisimamishwa kwa ubavu juu ya farasi za mbao, zile za seremala za kuegeshea kazi. Mimi nilisimama upande huu na muzee upande ule. Nilipitisha sindano ndefu, yeye akaipokea, akaizungusha kwenye ubavu wa mbao, akanirudishia, nami nikafunga fundo kwa kamba iliyopakwa nta. Kisha fundo lingine. Alikuwa amechonga kijiti cha mkaratusi na kukitia alama, na kutoka alama moja hadi nyingine ni upana wa vidole vyangu vitatu.

"Hewa inavuta kitambaa kwa juu," alinieleza. "Inakivuta na nguvu kuliko vile unawaza. Kila fundo liko na kazi yake. Usiruke hata moja."

Bawa la kulia tulilimaliza hivyo, fundo kwa fundo, na sikuwahi kushona kitu kizuri kama kile. Tukaanza la kushoto. Zilipobaki mbavu nne tu, zile zilizo karibu na mwili wa ndege, malaria ikamwangusha muzee. Akanitumia neno: nimngoje.

Sikumngoja. Jumapili ile wasichana wa parokia yetu walikuwa wanapokea komunio ya kwanza, na nguo kumi na mbili nyeupe zilikuwa kwangu, nyingine hazina hata mikono. Akina mama walikuja mlangoni kila jioni. Nilisema moyoni, nimalize bawa leo, nirudi kwenye nguo zangu.

Nilienda peke yangu. Nilichoma sindano, nikazunguka bawa, nikaivuta, nikaichoma tena, nikazunguka kurudi, nikafunga fundo. Kufika adhuhuri nilikuwa sijamaliza hata ubavu wa kwanza, na miguu inawaka. Niliruka alama moja. Nikatazama pale niliporuka. Hapakuonekana kitu. Kuanzia hapo niliruka kila alama ya pili, na kwenye ubavu wa mwisho, nilipochoka sana, pengine niliruka mbili. Kisha nikabandika utepe wa kitambaa juu ya mishono yote, nikapaka dawa. Ilipokauka, bawa zima lilikuwa laini na limekaza, na hakuna mtu ambaye angejua.

Muzee alikuja Jumamosi, amevaa koti na skafu juani, homa haijamtoka.

"Ulifuata kijiti?"

"Nilifuata, papa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akaligonga bawa kwa kidole, likalia kama ngoma. Akatoa kaye yake ya kazi, akaandika, akatia sahihi.

Jumapili nguo zangu zilisifiwa kanisani.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni kwamba nilisahau. Ndege iliruka, ikarudi, miezi ikapita. Siku moja piloti, kwa kunishukuru, alinizungusha juu ya ziwa. Nilikaa nyuma yake upande wa kushoto, nikaliangalia bawa nililolishona, nikajisifu. Sikuwaza mbavu zile nne hata mara moja.

Ndege ilianguka mchana, majira ya mvua. Barabara ya Rutshuru ilikuwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo piloti alikuwa anamrudisha kwa ndege mkunga mmoja wa Kiwanja aliyekuja Goma kuchukua dawa. Walikuwa karibu kufika, upepo wa mvua ukawapokea. Kitambaa cha bawa la kushoto kikavimba karibu na mlango, kikanyanyuka, kikachanika. Piloti alilazimisha ndege iingie katika shamba la maharagwe. Magurudumu yalikwama kwenye tuta, ndege ikapinduka. Wakulima ndio waliowatoa. Bega la mkunga lilivunjika. Mguu wa piloti ulibanwa chini ya mabomba, na hospitalini waliukata chini ya goti.

Habari ilitufikia kwa foni, ile redio ya mawasiliano. Kesho yake asubuhi mimi na muzee tulipanda lori, tukapita vizuizi vya wanajeshi kimoja baada ya kingine, tukafika shambani. Ndege ililala tumbo juu, na watu wamekaa kando wakiitazama. Muzee alienda kwanza kwenye injini. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye bawa la kushoto.

Pale pale niliona. Kwenye bawa la kulia kitambaa kilikuwa bado kimeshika mbavu zake, mistari ya mafundo imenyooka. Kwenye la kushoto, mbavu za mwanzo nazo zilikuwa zimeshika. Kitambaa kilikuwa kimeng'oka kwenye zile nne tu, na matundu ya sindano yalikuwa mbalimbali, yanaonekana hata kwa mtoto.

Nilikuwa na makasi katika mfuko wangu, hayatengani na mimi. Nilikata vile vipande, nikavikunja, nikavifunga ndani ya kitenge changu. Muzee alipofika, palibaki mbao zilizovunjika.

"Kitambaa cha huku kiko wapi?"

"Labda upepo, papa. Ao batu walikikamata."

Akageuka, akawaangalia wale wakulima kama mtu anavyoangalia wezi. Walikuwa wametoa watu wawili katika chuma kwa mikono yao, na maharagwe yao yamesagika. Nikamwacha awaangalie hivyo.

Nyumbani nilivichoma vile vipande kwenye mbabula, jiko langu la makaa. Moto uliruka juu kwa sababu ya dawa, na jirani akaniuliza ninapika nini chenye harufu ile.

Wiki mbili baadaye tulienda hospitali kumwona piloti. Muzee alisimama miguuni pa kitanda, pale ambapo shuka lilikuwa limelala upande mmoja. Piloti hakumsalimia.

"Kitambaa ndicho kilinyanyuka," alisema. "Niliona na macho yangu. Wewe uliangalia ile mishono?"

"Kwa kaye kuko sahihi yangu."

"Sikuulize sahihi. Nauliza kama uliangalia."

Muzee akashika chuma cha kitanda. Nilikuwa kando yake, nimeshika bakuli la uji. Alijua kwamba mimi ndiye niliyemaliza bawa, peke yangu. Angeweza kunitaja kwa neno moja.

"Macho yangu yamezeeka," alisema.

"Basi ulipaswa kuyaambia yakae nyumbani."

Piloti akanigeukia mimi. "Wewe mama, lile la kulia mulifanya muzuri. Halina hata alama. Hili la kushoto najua alilimaliza yeye na homa yake."

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Kunywa uji, papa, utapoa."

Baada ya siku ile mji wote ulijua kwamba muzee aliua ndege kwa upofu. Hakuna aliyempelekea tena hata pampu ya maji kuitengeneza. Akaanza kuchonga magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, kazi ya vijana wenye nguvu, mbele ya nyumba yake, miwani imeshuka puani.

Piloti alipotoka hospitali aliagiza ndege iletwe kwa lori kwenye parsele ya nyumba yake huko Katoyi. Ilichukua nafasi yote ya uani. Mke wake alianika nguo kwenye mkia. Kila asubuhi piloti alitoka na magongo yake, akaizunguka, akaishika hapa na pale. Injini ilikuwa bado inazunguka ukiigeuza kwa mkono. Pangaboi la mbele, lililokuwa la mbao, lilikatika vipande. Mabomba ya upande wa kiti chake yalipinda. Bawa la kulia lilikuwa zima, na la kushoto boriti yake kubwa ilipasuka.

"Hii ndege haiyakufa," aliniambia. "Chuma, tutanyoosha. Mbao, kuko seremala Butembo. Mushonaji tuko naye." Akanionyesha kwa gongo. "Lakini yule muzee asikanyage hapa."

Nilisema ndiyo. Lile ndiyo nalikumbuka mpaka leo. Nilianza kushona upya kitambaa cha mkia, pale uani, nikifuata vidole vitatu bila kukosea. Watu walichungulia juu ya uzio wakaniita mama wa ndege. Wengine waliwaleta binti zao waone.

Siku moja mke wa piloti alinituma. Sindano ndefu zilibaki kwa muzee, niende nizichukue, nisikae sana. Nilimkuta amekaa chini, amezungukwa na maganda ya mbao. Aliingia ndani akatoa sindano zote zimefungwa katika kitambaa safi, na patasi zake ndogo, na spana aliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya injini ile.

"Peleka vyote. Umwambie piloti ile boriti asiiunge. Abadilishe yote, mwanzo mpaka mwisho, ao itapasuka tena pale pale. Lakini usiseme ni mimi nilisema. Atakataa, halafu ataunga."

Nikakaa chini pale kwenye maganda.

"Papa, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mafundo. Niliruka. Zile mbavu nne, sikufuata kijiti."

Alivua miwani. Nami nikaanza kusema haraka haraka. Nilimwambia kwamba ndugu za mama yangu walikuwa wamekimbia Masisi siku zile, wamekuja kwangu bila kitu, mvua inanyesha, nikachukua kamba yake ya nta kufungia shitingi yao, lile turubai la plastiki, uani, kamba ikapungua, nikalazimika kuachanisha mafundo. Ndugu walikuja kweli. Shitingi nilifunga kweli. Nilikuwa nimejisimulia hadithi hiyo mara nyingi kitandani mpaka nikaiamini.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ndugu zako walifika kisha Pasaka, ndege inaruka tayari. Mimi nilikuja kuwasalimia. Na kamba ilibaki. Nilikuta bobini hangarini, iko karibu nusu. Ningali nayo humu ndani."

Sikuwa na pa kujificha.

"Nilichoka kuzunguka," nilisema. "Na nilikuwa na nguo za komunio."

"Nguo za komunio."

"Ndiyo, papa."

"Na kile kitambaa shambani?"

"Nilikikata. Nilikichoma."

Akaanza kulia, bila sauti, na hakujifuta. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa.

"Kila siku naamka najiuliza ni nini sikuiona," alisema. "Nimejaribu macho yangu kwa gazeti, kwa sindano, kwa nyota. Umeniacha nizeeke mbele ya batu ju ya kitu chako." Kisha akaongeza, "Mimi pia nilisaini bila kuona. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Yako utaibeba wewe. Simama, twende."

"Wapi?"

"Katoyi."

Tulienda kwa miguu. Alitembea mbele. Piloti alipomwona getini aliinua gongo, lakini muzee akasimama pale pale nje, akasema, "Mimi siingie. Huyu mama ndiye ana neno."

Nililisema nikiwa nimesimama kando ya mkia niliokuwa naushona. Nilisema yote, na mara hii sikutia shitingi wala mvua. Mke wa piloti alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ilisimama. Piloti alitazama kisiki cha mguu wake, akatazama mkia, akanitazama mimi.

"Pale hospitali," alisema, "ulinipa uji."

"Ndiyo, papa."

"Toka kwangu."

Nilitoka. Sikuchukua hata makasi. Nilipokuwa napita getini alipokuwa muzee, nilisikia piloti akimwita kwa sauti iliyopasuka: "Papa, ingia. Tafazali, ingia." Nami nikaenda zangu na barabara, jua linawaka, na kila mtu niliyekutana naye nilidhani amekwisha kujua. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wanajua kweli. Wateja wengine waliondoa nguo zao. Mume wangu aliporudi na bidhaa zake kutoka Butembo alizipata habari stendi kabla hajafika nyumbani. Alikaa siku tatu bila kuniuliza kitu, na siku ya nne aliniuliza tu kama bado nashona.

Muzee alirudi kwenye ndege. Nilisikia kwa watu kwamba alikuwa uani kila siku, anapima, anagonga, anasikiliza chuma. Halafu vita ikaingia mjini. Tulikimbia kila mtu na njia yake, na tuliporudi, injini haikuwepo, mabomba ya nyuma yalikatwa kwa msumeno, na bawa la kulia limetobolewa kwa risasi. Piloti bado alisema itajengwa. Ni muzee aliyemwambia hapana. Mke wa piloti ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, sokoni. Alisema muzee alichukua siku mbili kukagua kila kitu kwa mikono, mara hii hakusaini hata mstari mmoja kabla ya kugusa, kisha akakaa chini karibu na piloti.

"Ningekudanganya ningesema ndiyo," alimwambia. "Injini ya hivi haitengenezwe tena. Boriti tungepata. Mabomba tungepata. Vyote pamoja, na vita hii, hatupate. Ukiruka na vile tutaokota, utakufa, na sahihi itakuwa yangu."

Piloti alikubali, kwa sababu ni muzee aliyesema. Neno hilo lingetoka kwa mtu mwingine, labda angeuza nyumba akiitafutia ndege ile injini. Mabaki yalitolewa uani kidogo kidogo. Muzee alifariki nikiwa Butembo, na sikumzika. Piloti hajanisemesha mpaka leo. Tukikutana njiani ananipa nafasi nipite, na hilo linanishinda kuliko matusi.

Alibaki mkunga. Ilinichukua muda mrefu kupata moyo wa kwenda Kiwanja. Nilimkuta kwenye zahanati, mama wa makamo, mkono wa kulia umelala kando ya mwili. Nilijieleza. Alisema, "Nilisikia. Nilikuwa najiuliza utakuja mwaka gani."

Akanionyesha mkono wake, akajaribu kuuinua, ukafika kiunoni ukagoma.

"Watoto napokea na huu mwingine, na wenzangu wananisaidia," alisema. "Lakini kila asubuhi bwana yangu ananivalisha bluzi kama mtoto, ju siwezi kupitisha mkono. Wewe si ni mushonaji?"

Nilimpima pale pale. Nilirudi wiki iliyofuata na bluzi inayofunguka begani, ya kufungwa kwa kamba mbili upande wa mbele. Aliivaa peke yake nyuma ya pazia, akatoka, akazungusha shingo.

"Inabana huku," alisema, bila kutabasamu. "Na hii kamba ni fupi."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikafumua bega zima, nikaanza upya. Mara ya pili bado ilibana. Mara ya tatu aliivua, akaivaa, akaivua, akaivaa tena, kisha akarudi ndani na bluzi hiyo mwilini kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anamwita.